Uso Uliosuguliwa

Winifred Tapscott alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Kwa miaka thelathini na minane, kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka, aliupanda kwa ngazi msalaba wa mawe wa kijiji cha Nether Combe, na ndoo ya magadi na brashi ya waya, akausugua mpaka ukang'aa. Kazi aliirithi kwa mama mkwe. Hakuna aliyemlipa wala kumtuma, lakini watu wa kijiji kile, ukiacha jambo lako mwaka mmoja tu, watakusema mpaka kaburini.

Safari hii magoti yaligoma. Akaiandikia ofisi ya wilaya: nimechoka, tafuteni mwingine. Wakamtuma Lovibond, mtaalamu wa mawe ya kale. Winifred akaoka keki na kuvaa koti la kanisani, maana moyoni alitegemea asante, hata kiduchu.

Lovibond alipanda, akapapasa pale juu alipochongwa Mariamu na mwanawe. Akamgeukia Winifred.

"Nani anausafisha?"

"Mimi, bwana. Sijakosa hata mwaka mmoja."

"Kwa brashi hiyo?"

"Hiyo hiyo. Mama mkwe alitumia mchanga, nikamwambia utakwaruza."

"Na anavyosugua!" alidakia jirani yake Muriel, aliyekuja kuchungulia. "Masufuria yake yanaona wivu."

Lovibond hakucheka. "Mama, ule utando wa kijivu uliokuwa ukiuondoa si uchafu. Ulikuwa unalikinga jiwe. Mariamu alikuwa na uso miaka mia sita. Sasa hana."

Winifred akainua macho. Kweli, palikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Mwaka ule pua ilipotoweka, yeye aliilaumu mvua. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Hatuna picha ya karibu," Lovibond alisema kwa upole, akitoa daftari. "Hakuna aliyeukaribia uso huu kama wewe. Nieleze, nichore. Alikuwa anatabasamu? Anamtazama mtoto, au anatutazama sisi?"

Winifred akafungua mdomo. Pasaka thelathini na nane alisimama ana kwa ana na uso ule, akitafuta madoa.

"Sijui, mwanangu," alisema, akijikalisha taratibu kwenye ngazi. "Sikuwahi kumtazama."