Alama Ndani ya Kifuniko: Fundi Saa Anayeisubiri Alhamisi

Saa mbili na nusu asubuhi, na Fundi Jicho ameshainua kichwa mara sita. Lenzi nyeusi iko jichoni, kibanio mkononi, na mbele yake kuna saa ya kike iliyofunguliwa tumbo. Kila kivuli kinachopita mezani anakisindikiza kwa macho mpaka kipotee.

"Zamani hata ungenimwagia maji nisingeinua kichwa," anasema. "Siku hizi nzi akitua namuuliza katumwa na nani."

Anacheka peke yake. Kisha anatupa jicho ng'ambo ya barabara, ambako mwanamume mwenye shati la bluu amesimama tangu meza ilipofunguliwa, hanunui kitu wala hangojei mtu.

Meza yenyewe iko chini ya ngazi, kando ya duka la karatasi, upana wake kama mlango. Ameikalia miaka kumi na tisa. Siku njema hutengeneza saa tano au sita, nyingi za kubadilisha betri tu. Siku mbaya hufunga kazi huku chakula cha jioni bado ni kitendawili.

Kabla yake aliikalia baba yake, fundi saa pia. Alipofariki aliacha vitu viwili vya maana: sanduku la vifaa, na saa yake ya mkononi, ya kizamani, ya kutia ufunguo.

"Mimi nikarithi lenzi, mdogo wangu akarithi saa," anasema Fundi Jicho. "Na aliringa nayo, jamani! Ukimuuliza saa ngapi, kwanza anakunja mkono wa shati taratibu."

Mdogo wake huyo, kitindamimba wa mama yao, alikuwa mtunza ghala. Siku moja alimwambia dada yake, yaani Fundi Jicho, kwamba mizigo iliyokamatwa na polisi na kuhifadhiwa ghalani kwao ilikuwa ikitolewa Jumapili, kwa gari la polisi, bila karatasi yoyote. Dada akamsihi afunge mdomo. Wapi! Akawaandikia wakubwa wake barua. Siku ya tisa alikutwa nyuma ya ghala hilohilo, amepigwa hadi kufa.

Tangu hapo zimepita siku mia saba na kumi na mbili, na hakuna aliyeshtakiwa.

"Wanasema za mwizi arobaini," anasema. "Basi za muuaji zina kalenda yake."

Amekwenda kituoni mara thelathini na moja. Faili limepita mikononi mwa wapelelezi wanne, na kila mmoja alimwambia ndiyo kwanza analisoma. Picha za kamera ya ghala zilichukuliwa siku ile ile na hazijaonekana tena. Mlinzi aliyeukuta mwili hajaitwa kuandika maelezo hata leo. Na ripoti ya kwanza kabisa, iliyosainiwa na afisa aliyefika eneo la tukio, inasema marehemu hakuwa na saa mkononi.

Sentensi hiyo ilimnyima usingizi kuliko zote. Mdogo wake alikuwa haivui ile saa ila akioga.

Kisha, mwezi uliopita, alikuja mama mmoja mpole, mkoba kwapani, akasalimia vizuri na kuketi kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa na saa ya mumewe. Imesimama, alisema, na mwenyewe hana muda wa kuileta.

Mafundi wengi huandika jina la aliyeileta saa. Fundi Jicho haandiki hivyo. Baba yake alimfundisha kwamba saa huandikwa jina la anayeivaa, maana aletaye hubadilika. Mama yule akataja jina la mumewe na namba yake ya simu, akatia saini kwenye kikaratasi. Jina halikumshtua fundi, kwa sababu yapo mengi ya kufanana nalo.

Akafungua kifuniko cha nyuma.

Wateja wengi hawajui kwamba fundi saa akimaliza kazi hukwaruza alama yake kwa ndani, ndogo kuliko punje ya mchele, pamoja na tarehe. Ndani ya kifuniko kile palikuwa na pembetatu ya baba yake. Chini yake palikuwa na duara lenye nukta katikati, alama yake mwenyewe, na tarehe ya wiki tatu kabla ya msiba.

"Nilisikia masikio yanavuma," anasema. "Mama wa watu ananiuliza, 'Imeharibika sana?' Nikamwambia, 'Kidogo tu, dada yangu, niachie mpaka Jumamosi.' Sijui sauti ile niliitoa wapi."

Alipoondoka, fundi alitoa kwenye mkoba wake nakala ya ile ripoti ya kwanza. Jina la kwenye kikaratasi lilikuwa ndilo la afisa aliyesaini pale chini.

Mchana huohuo saa ilikuwa kwa wakili. Siku tatu baadaye mahakama iliamuru ihifadhiwe kwenye kabati la mahakama, si kituoni, ikapanga kusikiliza ombi la familia la kutaka uchunguzi huru. Ni Alhamisi hii.

Jumamosi mama yule alirudi. Fundi akamwambia kipuri hakijapatikana. "Uongo wangu wa kwanza kwa mteja," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Yule mama hana kosa. Namuonea huruma mpaka leo."

Mwandishi alimpigia simu afisa huyo. "Niliinunua kwa mchuuzi. Saa zinafanana," alisema, akakata simu. Kituo kinasema upelelezi unaendelea.

Tunazungumza hivyo mara shati la bluu linavuka barabara. Linakuja moja kwa moja mpaka kwenye meza. Mwanamume haketi.

"Nasikia unakaa na saa ya mkubwa," anasema polepole. "Irudishe, mama. Mambo yaishe kiungwana."

Fundi Jicho anaweka kibanio chini. Anavuta kikaratasi na kalamu.

"Hapa hakitoki wala hakiingii kitu bila jina," anasema. "Taja lako, niandike. Na huyu mgeni wangu ni mwandishi wa gazeti, naye ataandika."

Mwanamume anautazama mkoba wa kamera begani mwa mwandishi. Anatabasamu kwa midomo tu. "Tutaonana," anasema, anaondoka bila kutaja jina.

Fundi Jicho anakunywa maji, nusu yanamwagika kifuani. "Ninaogopa," anasema. "Nisikudanganye, ninaogopa sana."

Anayemuumiza zaidi ni mama yake. Siku ya kwanza alipoambiwa habari za saa, bi mkubwa alimshika mikono yote miwili. "Mwanangu, nimeshazika mmoja. Usinizikishe wa pili." Wiki nzima hawakuzungumza zaidi ya salamu. Jana asubuhi fundi alimkuta mama sebuleni anapiga pasi magauni mawili.

"La pili la nani, mama?"

"Langu. Unadhani utakwenda peke yako? Mimi ndiye niliyemzaa."

Fundi Jicho anaivaa tena lenzi, anarudi kwenye saa ya kike. Hana mipango mikubwa, anasema. Anataka mlinzi aitwe, picha za kamera zitolewe, na mtu mmoja asimame kizimbani aeleze saa ya marehemu ilifikaje mkononi mwake. Kesi ikiisha, ataomba arudishiwe saa ile. Ataifungua, ataisafisha, na ndani ya kifuniko, chini ya alama ya baba yake na yake, atakwaruza tarehe ya hukumu.

"Nafasi ipo," anasema. "Nimeipima."