Kamba za Mama katika Fomu ya Viwanda

Miaka ile ya hifadhi ya bahari, kila mgeni aliyeshuka Kilindoni, bandari ya kisiwa chetu, alikuwa amekuja kuhesabu kitu. Kuna waliohesabu kasa, kuna waliohesabu papa potwe, na mmoja alishinda wiki nzima chini ya maji akihesabu matumbawe, akarudi mgongo umemchubuka na furaha tele. Mimi nilihesabu viwanda. Nilikuwa karani wa takwimu, binti wa kijiji cha Kanga, na kazi yangu ilikuwa kujaza fomu ya uzalishaji viwandani kwa kisiwa kisichokuwa na bomba la moshi hata moja.

Fomu ilitoka bara. Ilikuwa na mistari ya saruji, sigara, bia, nguo, sukari na mabati, na kwenye kila mstari niliandika "hakuna" kwa mwandiko mzuri. Mwisho kabisa, chini ya mbolea, palikuwa na mstari wa kamba. Hapo ndipo alipokuwa mama yangu.

Mama alikuwa akitengeneza kamba za makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani na kukandamizwa kwa mawe, yakaachwa humo miezi mpaka yaoze, kisha hufukuliwa na kupondwa kwa rungu hadi zibaki nyuzi tupu. Kusokota ni raha, maana mtu anasokota huku anasengenya. Kuponda ndiko kunakoua. Bega la kulia la mama lilikuwa limeanza kukataa. Alishindwa kunyanyua ndoo, akasema ndoo za siku hizi zinatengenezwa nzito.

Ndiyo maana aliitaka mashine. Idara moja ya bara ilikuwa imetangaza kwamba mashine za kupondea makumbi zitagawiwa kwa wilaya ambazo uzalishaji wake unapanda. Mama aliliombea jambo hilo kila baada ya sala, kwa sauti, ili na mimi nisikie.

Nilikuwa nikiishi kwake, lakini siku ya fomu hakukubali nimhoji jikoni. Ilibidi nitoke uani, nizunguke nyumba, nipige hodi mlango wa mbele. Nilikwisha kumwamkia asubuhi. Nikamwamkia tena.

"Shikamoo."

"Marahaba, bibi karani. Karibu kitako."

Nikamuuliza robo mwaka ile ametengeneza kamba pima ngapi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Kidogo tu, mwanangu. Tunasukuma siku."

Chumbani nyuma yake marundo ya kamba yalifika dirishani. Alikuwa ameyafunika ili jirani asiyaone. Kwetu mtu hatangazi kazi ya mikono yake. Ukitaja wingi umekiita kijicho, na kijicho hakingoji barua ya mwaliko. Hata mvuvi aliyeshika nguru mkononi, ukimuuliza, atakwambia leo hakuna kitu. Wanawake wote wa kikundi cha mama walinijibu vilevile. Mmoja aliapa hajagusa kumbi tangu Idi, na nyuzi zimemnasa kwenye ushungi.

"Mama, ukisema kidogo nitaandika kidogo."

"Andika. Mungu anajua zilivyo."

Kanuni zilisema jibu la mhojiwa liandikwe kama alivyolitoa. Nilizishika kanuni hizo kwa sababu nilikuwa mwoga. Ningeweza kuyapima marundo mwenyewe, lakini kumwambia mama yako kwamba anasema uongo, nawe umening'iniza kitambulisho shingoni, sikulelewa hivyo. Robo baada ya robo hicho kidogo chao kilizidi kupungua, tukawa tunashuka, mimi na yeye na Kanga nzima, huku marungu yakilia tangu asubuhi.

Kitabu cha takwimu kikatoka, kikaeleza mwenendo wa viwanda vya nchi. Saruji ilikuwa ikipanda, sigara zikisuasua. Kamba za wilaya yetu zilikuwa na mchoro wake, mstari mmoja unaoteremka bila kupumzika. Mtaalamu wa bara alikuja ofisi ya kijiji kutueleza, kwa upole, kwamba mashine inakwenda wilaya nyingine.

Mama alikuwa amekaa mbele. "Nani kawaambia hatutengenezi?"

Mtaalamu akakifunua kitabu. "Ninyi wenyewe, mama."

Mama hakunitazama. Afadhali angenitazama, hata kwa hasira.

Mwaka uliofuata bega likagoma kabisa. Daktari alimwambia apumzike, na dawa nyingine hakuwa nayo. Makumbi yake yakabaki matopeni. Fomu ilipokuja nilizunguka nyumba, nikapiga hodi, nikamkuta amekaa, mkono ameufunga kwa kanga. Sikuwa na moyo wa kumuuliza.

"Uliza," alisema.

Nikauliza. Mama akapaza sauti mpaka jirani yetu, mwenzake wa kikundi, akatoka uani kwake kutazama kuna nini.

"Nyingi. Hazijapata kuwa nyingi kama mwaka huu. Andika."

Chumba kilikuwa kitupu. "Mama," nikasema chinichini, "kijicho je?"

"Kitanikuta na nini?" Akamwonyesha jirani kwa kidevu. "Yule bado ana bega lake. Andika, na wenzangu nimewaambia wataje zao zote."

Wengine walitaja kweli. Mwaka ule fomu ya mama ndiyo pekee niliyoijaza uongo nikijua ni uongo, na niliijaza kwa mwandiko mzuri kuliko zote.

Kitabu kilichofuata kilisema kamba za wilaya yetu zimefufuka. Mashine ikaja, ikafungwa nyuma ya ofisi ya kijiji, na jirani akawa wa kwanza kupeleka makumbi yake. Jioni ile mama alitaka nimsomee ule ukurasa, nikamsomea mara mbili. Kisha akavua ushungi, akanipa kitana nimchane nywele, kwa sababu mkono wake haukufika tena kichwani.