Mchezaji Aliyeitwa Fulani

Gethin Prosser alipofika kwangu mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alikuwa na mkoba mmoja na woga wa mtu aliyeiba. Mume wangu Wilf, mchimba makaa na shabiki wa kufa wa timu yetu ya Thornroyd, alimleta kutoka stesheni kwa njia za uchochoroni. "Doris," akaniambia, "huyu mgeni hana jina mpaka kesho jioni. Mpe chai."

Nilielewa. Sisi wa Kaskazini mwa Uingereza tuna raga yetu ya watu kumi na watatu, na mchezaji hulipwa, maana akivunjika mguu Jumamosi, Jumatatu hashuki mgodini. Kwao Wales wanacheza ya watu kumi na watano, bure, na wanaona fahari. Mtu wao akija kwetu, hata kwa majaribio ya mechi moja, wanamfungia maisha. Hachezi nao tena, wala hakanyagi ndani ya klabu. Mimi sifichi: sheria ile ilitungwa na watu ambao nyama haijawahi kukosekana mezani kwao. Ndiyo maana waliokuja kujaribiwa tuliwaficha, na kwenye karatasi ya majina ya timu nafasi yao iliandikwa "Fulani".

Gethin naye alikuja kujaribu tu. Baba yake, mzee Ivor, ndiye aliyetunza uwanja wa klabu ya kijijini kwao, Cwm Erfin. Alikata nyasi na kuchora mistari ya chokaa hata baada ya kifua chake kujaa vumbi la makaa.

"Nikishindwa narudi kimya kimya," Gethin aliniambia huku akipuliza chai. "Nikifaulu, namwambia baba mwenyewe, uso kwa uso. Sitaki asikie kwa watu."

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Tumbo tupu huwaza mabaya."

Kesho yake alitimka na mpira pembeni mwa uwanja mpaka watu wakasimama. Kisha akaangushwa, na hapo akafanya kosa ambalo mtoto yeyote wa Thornroyd asingelifanya: akauachia mpira. Kwao ndiyo sheria. Kwetu ukiangushwa unainuka na mpira wako, unauweka chini na kumsukumia mwenzako nyuma kwa kisigino.

"We Fulani!" jirani yangu akapiga kelele. "Mpira si kiazi cha moto, ukumbatie!"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "kwao wakiangushana wanaombana radhi!"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Wilf hakucheka. "Kwisha habari yake," alisema. "Kila mwenye macho kashajua katoka wapi."

Mwandishi mmoja wa gazeti alianza kuulizauliza stesheni, na katikati ya juma jina la Gethin likawa limefika Wales. Mzee Ivor alilisikia kwa muuza nyama, mbele ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Gethin, aliyekuwa bado hajaamua, akatia saini kwetu kwa sababu hakuwa na pa kurudi.

Mwaka ule alivunjwa pua na kupendwa sana, na mitaani watoto walimfuata. Kila Jumamosi aliomba kiti kimoja kiwekwe kwa ajili ya baba yake, na kila Jumamosi nilikitazama kikiwa kitupu. Krismasi alikwenda kwao. Aliporudi alikaa jikoni kwangu na koti lake mwilini.

"Kakufukuza?" nikamuuliza.

"Hapana, Bi Doris. Kanikatia nyama. Kasema, 'Nyumba hii ni yako. Uwanja si wangu, siwezi kukupa.'"

"Basi atakuja kukuona ukicheza?"

"Kasema kifua kikipona."

Hakikupona. Mzee Ivor alifariki Februari ya msimu wa pili. Wilf alikuwa zamu, nikapanda treni mimi na Gethin. Njiani aliniuliza kama tai yake imekaa sawa.

Kwao makaburini huenda wanaume tu. Sisi wanawake tulibaki kukata mikate na nyama ya nguruwe katika ukumbi wa klabu, maana nyumba ya akina Prosser isingetosha watu. Mama yake, Bi Mabli, alinitazama, kisu mkononi. "Mwanangu kakonda. Unamlisha nini huko?"

"Kila kitu, dada. Anakula kuliko mume wangu."

Akatabasamu kidogo. Kisha wanaume wakarudi. Gethin alikuwa amelibeba jeneza la baba yake mbele, upande wa kulia, na bega la koti lake lilikuwa limelowa. Mlangoni alisimama Hopkin, mjomba wake, katibu wa klabu.

"Gethin, mwanangu," alisema polepole, "sheria unaijua."

"Naijua, mjomba."

"Hata leo?" mimi nikalipuka, nimeshatoka nje kusimama naye. "Kamzika baba yake sasa hivi! Nyinyi ni watu gani?"

"Bi Doris, tafadhali," Gethin akasema. "Ingia. Mama asikae peke yake."

Nikaingia. Chai ilikuwa ya moto na sikuweza kuinywa. Baadaye wanaume wakaanza kuimba wimbo wa kanisani aliokuwa akiupenda marehemu, kila mmoja akishika sauti yake, na ukumbi ukajaa. Ndipo, kupitia dirisha lililokuwa wazi, nikasikia sauti moja nyembamba ikitokea nje, mvuani, imeshika sehemu ya wimbo ambayo ndani hakuna aliyekuwa akiiimba. Bi Mabli akaweka kikombe chini. Wote waliisikia, nina hakika, kwa maana walipunguza sauti.

Hopkin akainuka. Nilidhani anakwenda kufungua mlango. Alikuwa akilia na akiimba bado, machozi yakimwingia kinywani, na hivyo hivyo akatembea hadi dirishani, akalifunga.