Muhogo Nilioupeleka Roterdam

Mwaka ule ndio muhogo mbichi ulipoanza kuuzwa Ruwi, huku kwetu Maskati. Kabla ya hapo sisi tuliotoka Afrika tukila wa barafu, ule wa paketi, ukiuchemsha unanuka friji na ukiutafuna ni kama kitambaa. Halafu muuza duka mmoja wa Kihindi, karibu na stesheni ya mabasi, akaanza kuuleta kwa ndege, bado una udongo mwekundu kwenye maganda. Ijumaa ya kwanza wanawake wa mtaani kwetu Wattaya tuligombana pale dukani kama tunagombea dhahabu. Ukitaka tarehe waulize waliosoma. Mimi nna madarasa matatu na juzuu zangu, basi. Lakini mwaka wa muhogo siusahau, maana ndio mwaka niliokwenda Ulaya.

Mwanangu wa pili kazi yake ilikuwa ya kuuza mabomba, kila mwezi yumo safarini. Siku hiyo akaja na habari kwamba ana nyusiku tano za bure katika hoteli moja Roterdam, Uholanzi, vyumba viwili, chake na changu. Nikamuuliza bure ya nani. Akanieleza kwamba hoteli hizo za watu wa biashara, kila ukilala wanakuandikia pointi, na pointi zikijaa unalala hulipi. Zake alizikusanya miaka mitatu, hakuzigusa.

"Kwa hiyo mkeo kalala peke yake miaka mitatu," nikamwambia, "ili mimi nikalale bure."

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa yananingojea. Hakuichagua Roterdam kwa bahati. Dada yangu mkubwa alikuwa akikaa huko.

Mimi na dada tumelala kitanda kimoja Tabora mpaka siku aliyoolewa. Alimpata baharia, akachukuliwa. Na mimi nikaolewa, na miaka ya sabini nikaja Maskati na watoto. Miaka thelathini hatukuonana, tunasikiana kwa simu tu. Kila Idi akinihadithia nyumba yake, vyumba, bustani, jiko la kupikia harusi. Na kila Idi mimi nikimwambia, siku nitakayokuja ntalala kwako, tena kitanda kimoja, unipige mateke kama zamani.

Ndiyo maana mwanangu alipotaja hoteli nilimjibu palepale: "Mji wenye ndugu yangu, mimi hoteli silali."

Nikampigia simu dada nimfurahishe. Akaniuliza kwanza tunakuja lini. Halafu akasema, "Lala hoteli, mdogo wangu. Hapa kwangu hapafai siku hizi." Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Kwetu mtu akikwambia usilale kwake, keshakufukuza. Niliiweka simu nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nikasema nakwenda kwa ajili ya mwanangu, nisimvunje moyo. Maneno tu. Ndani ya sanduku, katikati ya kanga, nilitia kilo nne za muhogo wa Ruwi na paketi tatu za tui la unga. Na kopo langu la chooni, maana nilishaambiwa Wazungu hawana.

Hoteli ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Mlango unaufungua kwa kadi, na kadi hiyohiyo usipoichomeka ukutani taa haziwaki. Kitanda cha kulaza watu watatu. Pana mashine ya kunyooshea suruali, nikaitia kanga yangu, ikatoka imenyooka kama karatasi. Asubuhi chumba cha chai kimejaa wanaume wenye suti, kila mmoja na meza yake na gazeti lake, hakuna anayemwambia mwenziwe hata sabalkheri. Naingia mimi na buibui langu, wanageuka wote. Nawatolea salamu, tena kwa sauti, ndio nakaa. Mwanangu anauficha uso kwenye kikombe.

Dada alikuja siku ileile ya kwanza, pale chini penye viti vya wageni. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Tulilia, tukacheka, tukalia tena. Alikuwa kakonda, koti limemzidi. Akakaa mpaka Alasiri, akaaga. Siku ya pili vivyo hivyo. Hakunambia twende kwake. Na mimi nna kiburi, sikuomba. Tulikaa tukihesabu waliokufa Tabora, na kila mmoja wetu anaichungulia saa ya ukutani.

Siku ya tatu asubuhi niliuvunja muhogo mmoja kwenye goti. Ndani ushaanza kutia mistari myeusi. Muhogo haungoji kiburi cha mtu. Ni leo, ukichelewa sana kesho, kisha ni wa jaani. Nikaufunga wote kwenye taulo la hoteli nikateremka nao. Dada alikuwa keshafika, kakaa. Nikamwekea mapajani. Akafunua taulo, akanusa ule udongo, akabaki ameinama hivyohivyo.

"Unaoza huu," nikamwambia. "Na hoteli hii ina kila kitu ila jiko. Nipeleke kwako nikaupike, au tuutupe pamoja hapahapa mbele ya wanaume hawa."

"Kwangu ni chumba kimoja," akasema. "Tangu alipokufa mume wangu. Kitanda, kiti, na jiko la umeme la jicho moja. Choo changu na cha jirani ni kimoja. Miaka tisa nakudanganya."

"Sikukuuliza vyumba. Nimekuuliza jiko."

Akanisukuma kwa bega, kama alivyokuwa akinisukuma kitandani nimpishe. "We mtoto hukukua," akasema.

Tukapanda tramu na muhogo wetu ndani ya taulo. Chumba kilikuwa ghorofa ya nne, hakizidi choo cha hoteli, lakini kinang'ara, na kitandani katandika shuka iliyotariziwa na mama yetu. Mimi nilidhani ile shuka ilipotea. Tukamenya tumekaa juu yake, magazeti mapajani. Tukaupika kwa tui na pilipili ya kopo. Penye mistari ulikuwa mchungu kidogo. Tuliula wote, sufuria tukaifuta kwa vidole. Na usiku tukalala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, na teke nikapigwa kweli.

Mwanangu alipokuja kunichukua asubuhi alikuwa kanuna. Akasema nyusiku zake nimezitupa, kitanda kizima kule kimelala chenyewe. Nilimwambia hakuna kilichotupwa, kwani bila ya zile nyusiku ningeuona wapi mlango huu. Akaitazama sufuria, akauliza kama umebaki. Haukubaki. Nyusiku mbili za mwisho nililala pale kwa dada. Taulo la watu tulilifua, tukalirudisha hoteli, nikalinyoosha kwa mashine ya suruali.

Sasa tunakaa Al-Khoudh, na muhogo mbichi umejaa kila duka. Wajukuu zangu, Mungu awakuze, wako kumi na wanne, wanautazama kama wanavyoutazama mkate. Hakuna anayeugombea. Mimi nikiushika nauvunja kwanza nione ndani.

Dada alifariki miaka sita baada ya safari ile. Alizikwa hukohuko, na mwanangu ndiye aliyewahi maziko. Aliporudi alikaa siku kadhaa, kisha akaja jikoni kunambia pointi zimejaa tena, hoteli ni ileile, twende nikamzuru. Nikamwambia ntakwenda. Nishuke asubuhi, nimsomee Yasini yake, jioni nipande ndege nirudi.

"Mama, masafa yote hayo kwa siku moja?" akasema, kwa upole. "Chumba cha Mama Mkubwa washampa mtu mwengine. Huna tena pa kulala kule."

Nilikuwa namenya. Sikuinua uso.

"Mji wenye ndugu yangu, mimi hoteli silali."