Bakuli la Chai Lililokwama

Nilifika Kirushya nikiwa nimepakata begi la sinema kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Tangu Morogoro sikulitua. Kondakta alitaka liende kwenye buti, nikamwambia humo ndani mna vitu vya kuvunjika. Akawa analitupia jicho Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Tuliposhuka Nyakanazi kunywa chai, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya uganga.

"Ni sinema," nikamwambia.

"Sinema siku hizi ziko kwenye simu, kaka."

Nikaona kabisa kwamba uganga ungemridhisha zaidi.

Diski zile nilizipata nilipokuwa mlinzi kwenye maktaba ndogo ya wageni. Maktaba ilipofungwa niliambiwa nichome kila kilichobaki. Makaratasi niliyachoma. Diski nilikwenda nazo nyumbani, nikatazama moja, na maisha yangu yakaharibika kwa namna nzuri. Zilikuwa sinema za nchi ambazo hata kwenye ramani ya shuleni sikukumbuka kuziona. Hakuna bunduki, hakuna anayeruka ukuta. Mzee anatengeneza mlango. Mvua inanyesha na watu wanaisubiri iishe. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuhamahama, nikifuata mahali popote ambapo bado pana deki inayofanya kazi na watu wasio na haraka. Mnunuzi mmoja wa maharage aliniambia Kirushya vipo vyote viwili.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mwenye ghala la maharage, ambaye ndiye aliyekuwa na deki, televisheni na sola.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua maharage?"

"Hapana, nimekuja kuonyesha sinema."

"Za ngumi?"

"Za watu wanaotembea."

"Wanatembea kwenda wapi?"

"Mara nyingi hawafiki."

Alicheka mpaka akashika mgomba. "Basi karibu," akasema. "Hapa kuna vilima vingi, utapata wenzako."

Tulionyesha kila Jumapili baada ya misa, ghala likiwa tupu, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani na watu wamekalia magunia. Nilikuwa na mwiko mmoja: diski mpya siitazami peke yangu kwanza. Naivumbua pamoja na watu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri kwa sauti, na kwa kuwa lugha nyingi sikuzijua hata jina, nilitafsiri nyuso. Wakati mwingine walinikamata. Siku moja mwanamume alisimama kando ya kisima akikitazama kwa muda mrefu, nami nikasema kwa huzuni, "Hapa anayatafakari maisha yake yote."

"Mwongo!" ikatoka sauti kwenye magunia. "Ndoo imezama."

Kweli, mara akaanza kutafuta ndoana.

Sasa, bibi alikuwa na mtoto wake wa kiume huko Kaniha, upande wa Biharamulo, aliyehamia kulima na kuoa binti wa Kisukuma. Walikuwa wamepata mtoto, na ubatizo ulikuwa unakaribia. Kijana alimpigia mama yake simu kila wiki: njoo, bila wewe haitakuwa sherehe. Bibi hakutaka. Sababu yake ilikuwa kikombe. Kwa Wahangaza wa Kirushya, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe, ujue hakuna kibaya. Mkwe alipokuja kutambulishwa aliwahi kumletea bibi uji bila kuuonja. Bibi alikiweka chini kikombe kikiwa kimejaa, na tangu siku hiyo hakukisahau.

Katekista wa pale kijijini alimbembeleza msimu mzima mpaka akakubali. Kitenge kikapigwa pasi, kibuyu cha urwagwa, ile pombe yao ya ndizi, kikaagizwa. Ndipo mimi nikatia kwenye deki diski ya mwanamke na punda.

Ilikuwa nchi ya theluji. Mwanamke mzee anavuka milima na punda kwenda kumtembelea mwanawe. Ghala zima lilimpenda. Walimshauri apumzike, apite kushoto, ampe punda majani. Njiani mchungaji mmoja alimkaribisha, akamimina kinywaji, akapiga funda moja yeye mwenyewe, ndipo akampa. Ghala likalipuka.

"Ameonja! Ni Mhangaza huyu!"

"Ni ndugu zetu," mwingine akasema. "Wamepotelea kwenye barafu tu."

Hatimaye mwanamke akafika. Mwana hayupo. Mkwe akatoka jikoni na bakuli la chai, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hakuonja.

Watu wakainuka kwenye magunia. Kisha wote kwa pamoja: "Asinywe! Mama, usinywe!"

Yule mwanamke mzee akainua bakuli mpaka midomoni, na diski ikakwama. Bakuli likabaki pale pale, likagawanyika vipande vya rangi, kioo kikawa cheusi.

Bibi alisimama akakaza khanga yake. "Mmeona wenyewe," akasema, akatoka. Jumatatu kitenge kilikuwa kimerudi sandukuni.

Katekista alinijia uso umekunjamana. "Ndugu yangu, mimi nimehubiri tangu maharage yakiwa maua. Wewe umenibomolea kwa kidude kimoja. Kamwambie bibi yule mama hakufa."

Nikaenda. "Bibi, mwisho wake ni mzuri."

"Umeuona?"

"Bado."

"Basi nyamaza."

Ikabidi diski ipone. Kila mtu alikuja na dawa yake. Tulijaribu dawa ya meno, tukajaribu kuipulizia na kuifuta kwa shati. Mtu alileta mafuta ya taa, nikamkatalia. Mwishowe katekista akaichukua, akaisugua taratibu kwa upande wa ndani wa ganda la ndizi mbivu, kuanzia katikati kwenda ukingoni, midomo yake ikitembea. Sikumwuliza kama alikuwa anasali. Kirushya hakuna tatizo ambalo halijajaribiwa kwa ndizi.

Jumapili iliyofuata ghala halikutosha. Wengine walisimama mlangoni. Bibi alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. Bakuli likapanda. Likatetemeka. Likagoma kidogo, kisha likaendelea.

Alikunywa. Akajifuta mdomo. Akanyoosha bakuli aongezwe.

Watu wakapiga vigelegele. Lakini mzee akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Ni sumu ya polepole hiyo," mtu akanong'ona. Katekista akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilisahau hata kutafsiri. Theluji ikaanguka nje ya dirisha lao, ikaanguka, ikaanguka, mpaka nikamchukia aliyeitengeneza sinema ile.

Kisha mzee akakoroma.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wakati watu wanapigana mabega, mkwe alirudi, akapiga magoti, akamvua mzee viatu, akaisogeza miguu yake karibu na moto. Ikaisha hapo.

Nyumbani bibi alikaa akaanza kumenya ndizi.

"Hakuonja, yule."

"Hakuonja."

"Lakini alimvua viatu."

"Alimvua."

Akamenya nyingine. "Tutaondoka Ijumaa."

"Tutaondoka, bibi? Mimi na nani?"

"Nani aliyeniletea mwanamke na punda wake? Atanifikisha huyo."

Miguu yangu ilikwisha kuanza kuwasha, kama kawaida yake nikikaa mahali pamoja muda mrefu, kwa hiyo nilifunga begi lote. Diski ile tu nilimwachia katekista. Alisema ataitumia kwenye mafundisho ya ndoa.

Tulifika Kaniha mchana, bibi na kibuyu chake, mimi na begi langu. Mwana alitupokea kwa furaha, na mkwe, mtoto akiwa mgongoni, akapiga magoti akasalimu, akaenda jikoni. Akarudi na kikombe cha uji. Akampa bibi kwa mikono miwili. Hakuonja, nadhani kwao si desturi. Nilimwona mwana akiinamisha kichwa.

Bibi alikitazama kikombe. Kisha akanigeukia.

"Mtu wa sinema."

"Naam, bibi."

"Onja."

Nilionja. Ulikuwa uji wa mtama, wa moto, mzuri sana. Nikamrudishia. Wote walikuwa wananitazama, nami sijawahi kupata watazamaji wasikivu kama wale. Nikaegemea ukuta, nikafumba macho.

Mkwe alisema "Yesu!" kwa sauti ndogo.

"Mwacheni," akasema bibi. "Atakoroma sasa hivi."

Kisha nikamsikia anakunywa.

Nilipofumbua macho mkwe alikuwa anacheka na kufuta machozi, na mtoto amehamia mapajani kwa bibi. Niliaga kabla jua halijapungua, niwahi gari Nyakanazi. Sikurudi tena Kirushya wala Kaniha. Bodaboda ilipowaka, bibi alinipigia kelele kutoka uani:

"Huko uendako usinywe kwa mtu asiyeonja!"

"Na wewe je?"

"Mimi nipo kwa mkwe wangu!" akajibu, akanyoosha kikombe aongezwe.