Chupa Mbili za Bualai

Boti iliyonivusha kutoka upande wa Laos ilinishusha kwenye ngazi za udongo, na kabla sijauliza nimefika wapi, mwanamke mmoja akaniita bwawani. "Mgeni, njoo ushike machela. Usilegeze!"

Ndani ya machela ya turubai alilala kambare jike wa Mekong, kilo mia na kumi. Kituo kizima cha kuzalisha samaki hakikuwa na jike mwingine mwenye mayai.

Mwanamke huyo ni Bualai. Kwa miaka ishirini na sita amewachoma samaki homoni iliyotengenezwa maabara, inayoiga amri ya ubongo: achia mayai. Sindano ni mbili: hafifu saa kumi na mbili alfajiri, kali saa sita mchana. Ukipita muda wa saa kumi tangu ile kali, mayai hukamuliwa. Yakicheleweshwa huozea tumboni na kumuua samaki.

Saa sita ilipofika, Bualai alifungua kasha la barafu, akatazama chupa iliyobaki. Akaisoma mara mbili: hafifu.

"Vipi, dada?" akamtania Phan, mlishaji. "Alfajiri umemwomba ruhusa mpaka nikasinzia. Hajajibu bado?"

Kabla ya kila sindano Bualai humwekea samaki wali wa kunata na ubani, kisha huunganisha viganja kumwomba radhi. Alfajiri ile, ili aviunganishe, alikuwa ameziweka chupa zote mbili kwenye sinia. Kisha alikuwa ameokota moja bila kusoma lebo.

"Phan, nilimchoma ile kali."

"Nyamaza wewe! Umebakiza miezi minne ustaafu. Nani atajua?"

"Huyu," akasema, akimwonyesha samaki.

Daktari Nattaya, mkuu wa kituo, alikuwa ameshapanda boti, anakwenda mjini hadi usiku. Bualai alishuka ngazi pekupeku, akapiga magoti matopeni. Maneno yake hayakunifikia. Ya daktari yalinifikia.

"Basi ni saa kumi jioni, si saa nne usiku! Ungenyamaza tungekuta mzoga." Akashuka botini. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kabidhi funguo, dada. Nenda nyumbani."

Bualai alirudi bwawani mara moja tu, akampapasa samaki tumboni. "Tumbo limeanza kulegea," aliniambia. "Akiacha kufunua mdomo, piga kelele."

Akapanda baiskeli, akaenda. Nilibaki majini hadi kiunoni, nikiutazama ule mdomo, nikiogopa hata kupepesa macho.