Mama Mkwe Alivyoitengenezea Mashine Yangu Meza

Mashine yangu ya kushona, ya kiwanda, ilifika Butembo bila meza. Mfanyabiashara aliyeninunulia kule Kampala alisema meza ingekula nafasi kwenye gari, kwa hiyo alileta kichwa, mota, mkanda na sahani ya kukinga mafuta, vyote ndani ya magunia. Nilikuwa nimeshona miaka mingi kwa mashine ya miguu. Nilipokifungua kichwa kile, cheupe, kizito hata sikuweza kukiinua peke yangu, nilikipangusa vumbi kwa kikwembe changu mwenyewe kisha nikakaa tu nikikitazama.

Niliita seremala wa mtaani kwetu. Ni fundi mzuri wa vitanda na makabati, lakini meza ya namna hii hakuwahi kuiona. Mashine ya kiwanda haikai juu ya meza. Inazama ndani yake mpaka uso wa chuma na uso wa mbao viwe sawa, ili nguo iteleze bila kukwama. Tena lazima uweze kuilaza nyuma, kama unavyofungua kifuniko cha sanduku, ili uitie mafuta. Seremala alipima kichwa, akakata tundu la kipimo kilekile, moja kwa moja hadi chini. Tulipoiteremsha mashine, ikapita. Nisingeidaka shingoni, ingevunjikia sakafuni.

Alipigilia vipande vya mbao kwa chini ili viizuie, lakini mashine ikakaa upande, kama mtu mwenye mguu mfupi. Akasema atarudi kesho. Kesho ile haikufika.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Aliishi nasi tangu alipokimbia Kalunguta, wakati watu wa vijiji vya kule walipokuwa wakihama kwa hofu. Alikuja na furushi moja tu, zito, akalisukuma chini ya kitanda chake. Alikuwa mama wa maneno machache. Nilimheshimu, nilimpikia, nilimsindikiza misa ya Jumapili, lakini nikisema kweli, sikuwa ninamjua.

"Ule mutu alikata dirisha," alisema bila kuinua macho. "Mashini hapana pita mu dirisha. Mashini inalala. Inahitaji kitanda."

"Mama, unasema nini?"

"Unitafutie libao ingine. Libuyu ya kukauka. Ya mubichi itapinda."

Nilidhani ni mazungumzo tu ya kunifariji. Lakini niliporudi na ubao wa ule mti mgumu wa libuyu kichwani, furushi lilikuwa limefunguliwa uani. Ndani hamkuwa na sufuria wala nguo. Mlikuwa na misumeno miwili, randa, nyundo na patasi nne, kila moja imeviringishiwa kitambaa chake. Mama huyu aliacha nyumba na kila kilichokuwa ndani yake, akabeba chuma hiki kichwani njia nzima hadi kwetu.

"Mama, hizi ni za baba?" niliuliza. Baba mkwe, aliyefariki kabla sijaolewa, alikuwa seremala mwenye sifa, na mabenchi ya kanisa la kule yalisemwa kuwa kazi yake. Kila mtu wa upande ule alijua hivyo.

"Ni zangu," alisema. "Shika hapa. Na hapana tikisika."

Alitandika karatasi ya mfuko wa simenti, tukailaza mashine juu yake, akachora ukingo wake kwa kipande cha makaa. Kisha akachora mstari wa pili ndani ya ule wa kwanza. Kwenye mstari wa ndani, alinieleza, ataikata mbao hadi chini. Kati ya mistari miwili atachimba nusu tu, ili libaki bega la mbao la kubeba mashine. Nilitazama michoro ile nikaona aibu. Nilikuwa nimeitumikia mashine ya kushona nusu ya maisha yangu, na yeye alikuwa ameielewa hii kwa kuitazama kutoka mlangoni.

Akapiga randa. Maranda ya mbao yalitoka marefu, mepesi, yakijikunja miguuni pake. Mikono niliyoizoea kuiona ikichambua maharagwe polepole ilikwenda na kurudi bila kusita hata mara moja. Katikati ya kazi, bila mimi kuuliza tena, alisema:

"Baba yenu alianza kutetemeka mikono, batoto bakiwa bangali badogo. Hakuweza tena kushika musumeno. Lakini kazi zilikuwa zinakuya. Basi yeye alikuwa anasimama ku mulango anaongea na batu, miye ndani ninakata. Miaka kumi na mbili."

"Na watu hawakujua?"

"Bangejua, bangemucheka. Alikuwa mwanaume ya muzuri, sikupenda bamucheke."

"Na mabenchi ya kanisa?"

"Yote."

Niliingia ndani nikampigia mume wangu, aliyekuwa Manguredjipa kwenye machimbo ya dhahabu. Nilipomweleza, akasema, "Mama alitukataza kusema. Hata kitanda chetu, ni yeye." Nilibaki nimeishika simu sikioni baada ya yeye kukata.

Siku ya tatu tulijaribu kuiteremsha mashine. Haikuingia. Mama mkwe hakushtuka. Alichanganya mafuta na masizi ya sufuria, akayapaka kwenye ukingo wa chuma, tukaishusha taratibu, tukaiinua. Pale chuma kilipogusa, mbao ilibaki na doa jeusi. Akalikwangua doa kwa patasi, unene wa ukucha tu. Tukashusha tena, tukainua tena. Sijui tulirudia mara ngapi, mabega yaliniuma. Mara ya mwisho mashine ilishuka yenyewe, ikatoa pumzi ndogo ya hewa, ikatulia. Nilipitisha kiganja kutoka kwenye mbao hadi kwenye chuma, macho yamefungwa, nikashindwa kujua mbao inaishia wapi.

"Wasingya, mama," nilimshukuru kwa Kinande.

"Weka uzi," alisema.

Tulifunga mota chini, tukaunga kikanyagio, tukangoja umeme. Ulipokuja nilikanyaga kidogo tu, na mshono ukakimbia mbele yangu, umenyooka, wa hatua ndogo ndogo, kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Meza, yenye miguu ya mkaratusi, haikutikisika. Mama mkwe aliweka kikombe cha maji juu yake, akainama kutazama. Maji yalicheza kidogo tu. Ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, mkono mdomoni kama msichana.

Mafundi wenzangu wakaja kuangalia. Mmoja, mjane aliyetoka Beni, anayeshona sare za shule, aliinama hadi chini ya meza, akatoka na vumbi magotini, akauliza, "Nani alitengeneza?"

Nilimtazama mama mkwe. Halikuwa jambo langu kulisema. Alipangusa mikono kwenye kikwembe chake, akajibu kwa sauti ambayo jirani pia aliisikia:

"Ni miye."

Wiki mbili baadaye tulipanda gari la mizigo kwenda Beni, meza aliyoiagiza yule mjane imefungwa juu ya magunia ya viazi. Mama mkwe alikataa kukaa mbele na dereva. Alitaka kukaa karibu na meza yake, na kila gari liliporuka shimo, aliishika mguu.